Matuta ya Shela na njia ya Fenton: nisimame wapi?

Mtoto wa Langoni:
Salaam aleikum wenzangu. Ijumaa nilipanda matuta ya Shela, hapa Lamu, na kamera, nikipatafuta palipopiganwa vile vita vya mwaka 1812 hivi, Waamu walipowashinda watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa. Nimerudi na picha arubaini. Mke wangu kazitazama moja moja, akauliza, "Hoteli gani hii?" Sikuwa na la kumjibu. Mchanga mweupe, bahari, mbingu ya buluu.

Kilichonituma huko ni ile picha ya Roger Fenton, Mwingereza, aliyoipiga kwenye vita vya Crimea, Aprili 1855. Hamna maiti, hamna askari. Bonde tupu, njia ya udongo, na makombora ya chuma ya duara yametapakaa kama nazi zilizomwagika mashuani. Ukiitazama kifua kinabana. Yangu imekosa nini?

Fundi Kioo, Malindi:
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Tazama mstari wa mbingu na ardhi. Fenton kaupandisha juu, ardhi ikajaa. Vilima vinaibana njia huku na huku, nayo inapinda na kupotea. Jicho likiingia halina pa kutokea. Wewe, naapa, bahari umeiacha wazi. Bahari ni mlango.

Ile mbingu nyeupe nayo usidhani ni ubingwa. Kolodioni, ile dawa ya kupaka kioo cha picha zamani hizo, ilishika mwanga wa buluu kuliko rangi nyingine, basi mbingu ikatoka tupu. Kioo kilipakwa dawa, kikapigwa na kusafishwa kikiwa bado kibichi, ndani ya gari la farasi lililokuwa la muuza mvinyo. Lenzi ikakaa wazi sekunde kadhaa, anayekimbia hatokei. Vita vyenyewe visingeshikika, ardhi ndiyo iliyotulia. George Barnard, aliyepiga picha za njia za jeshi la Jenerali Sherman katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, hakuridhika na mbingu hiyo: katika albamu yake ya 1866 akachapa mawingu kutoka kioo kingine. Kwangu mimi, aliziharibu.

Mwalimu Mstaafu:
Mwambie kijana picha ni mbili. Katika moja njia ni safi, makombora yako kando. Katika ya pili yamejaa njiani. Mtengeneza filamu Errol Morris alifuatilia vijiwe vilivyoporomoka kidogo mteremkoni, akaonyesha kuwa ile safi ilitangulia. Basi kuna mkono uliyasogeza. Na jina je? Askari ndio waliopaita Bonde la Uvuli wa Mauti, kwa Zaburi ya 23. Lifute jina hilo, mwanangu, uone kama kifua kitabana bado.

Mtoto wa Langoni:
Shikamoo mwalimu. Jina sijalipata. Fundi, umenikamata: bahari imo katika picha thelathini na sita!

Leo alfajiri nimerudi, nikaipa bahari mgongo, nikashuka kati ya matuta mawili mpaka mchanga ukaimeza mbingu, ikabaki kama upana wa vidole viwili. Pana njia ya punda pale, inapinda. Nilikuwa nimebeba vigae vya mitungi nivitawanye njiani. Baada ya maneno ya mwalimu nikaona haya, vimebaki mfukoni. Nyumbani nikaigeuza nyeusi na nyeupe, nikapandisha buluu, mbingu ikawa kama karatasi.

Mke wangu kaishika simu, kanyamaza. Kisha akauliza ni nani aliyepita hapo.