Sakitu kwa karibu: lenzi ya makro, ringi, lenzi ya mbele au lenzi iliyogeuzwa?

Kipupwe_7
Wakuu, naomba tulinganishe njia nne za kupiga picha fuwele za sakitu kwa karibu. Ninachokitafuta ni zile sindano na manyoya ya barafu yanayoota kwenye kingo za majani na vichwa vya nyasi, si shamba zima lililogeuka jeupe. Vilivyopo: kamera ya fremu kamili, lenzi ya 50mm, zumu ya 70-300mm na tripodi. Njia zenyewe:

1. Lenzi ya makro ya 100mm
2. Ringi za kurefusha, yaani mirija isiyo na kioo inayosogeza lenzi mbali na kamera (12, 20 na 36mm), nyuma ya 50mm
3. Lenzi ya kukuza inayofungwa mbele ya zumu kama filta
4. 50mm iliyogeuzwa kwa adapta

Ukuzaji ninaouhitaji unaanzia nusu ya ukubwa halisi hadi mara moja na nusu (ukubwa halisi ni pale picha kwenye sensa inapolingana na kitu chenyewe). Ipi inatoa picha kali bila kuyeyusha kitu chenyewe?

Akromati
Mkuu, ingekuwa maua, tungeanza na ukuzaji. Kwa sakitu anza na nafasi iliyopo kati ya kioo cha mbele na fuwele. Pumzi yako ina joto la zaidi ya nyuzi 30 na imejaa mvuke. Ikipita juu ya jani mara moja tu, ncha za sindano zinaviringika kuwa vitone, na hata zikiganda tena hazirudi kuwa sindano.

Kwa kigezo hicho namba 3 inaongoza. Chukua lenzi ya mbele yenye nguvu ya +5, lenga zumu kwenye upeo wa mbali kabisa, kisha sogeza kamera yote mbele na nyuma hadi picha ikae. Umbali utakuwa sentimita 20, na haubadiliki hata ukivuta zumu. Ukuzaji unaupata kwa kuchukua urefu wa fokasi wa zumu (zile mm zake) ukiugeuza kuwa mita, kisha kuuzidisha kwa nguvu ya lenzi ya mbele: 100mm inakupa 0.1 × 5, yaani 0.5, 200mm inakupa 1, 300mm inakupa 1.5. Ndiyo masafa yako yote bila kufungua kitu chochote kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Nunua yenye vioo viwili vilivyogundishwa pamoja, ile inayoitwa akromati. Ya kioo kimoja huacha michirizi ya zambarau na kijani kwenye kingo, na sakitu ni kingo nyeupe tupu juu ya giza, kwa hiyo kasoro hiyo haina pa kujificha. Funga tundu la lenzi linalopitisha mwanga hadi f/8 au f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), maana zumu nyingi zikiwa wazi kabisa huwa laini kwenye 300mm.

Ringi kwenye 50mm zinakuangusha kwa umbali. Zote tatu ni 68mm, ukuzaji 68 ÷ 50, yaani 1.36, lakini jani litakuwa kama sentimita 5 tu kutoka kwenye kioo. Ukizihamishia kwenye 300mm, ringi ya 36mm inaongeza 0.12 pekee. Ringi hufaa lenzi fupi, na lenzi fupi ndiyo inayokusogeza karibu. Hapo hakuna ujanja.

Makro100
Nakubaliana na hoja ya umbali, ila makro ya 100mm isipuuzwe. Kwenye ukubwa halisi inakuacha na sentimita 13 hadi 15 hivi, na imeundwa kutoa ukali ule ule katikati na pembeni. Kwa jani lililosimama peke yake pembe hazikusumbui, maana zimekwisha kuwa ukungu. Ila kwa sakitu ya kwenye kioo cha dirisha, ile inayojichora kama majani ya jimbi, kila kitu kiko kwenye bapa moja. Akromati juu ya zumu italegea pembeni, makro haitalegea. Ukitaka kuvuka ukubwa halisi, weka ringi ya 36mm nyuma yake, utapita 1.3.

Kwa hiyo Kipupwe, swali langu ni dirisha au nyasi? Kwa nyasi, na kwa kuwa zumu unayo tayari, namba 3. Kwa dirisha, namba 1.

KiooKinyume
Niitetee namba 4 kidogo, kwa mipaka yake. Lenzi ikigeuzwa, kitu kinakaa takriban pale sensa ilipokuwa ikikaa. Kwa lenzi za kamera zenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR) hiyo ni sentimita 4 na nusu hivi, iwe 50mm au 28mm. 50mm inakupa karibu na ukubwa halisi, 28mm inapita mara mbili. Ukali wake unashangaza kwa kifaa chepesi hivyo.

Matatizo ni mawili. Kioo cha nyuma kinakuwa nje, kikipokea unyevu na chembe za barafu. Pili, lenzi isiyo na pete ya tundu haikupi njia rahisi ya kurekebisha tundu ikishageuzwa. Tafuta lenzi ya zamani yenye pete. Kwa masafa ya Kipupwe siipendekezi. Kwa kuingia ndani ya fuwele moja, ukaona vile vikombe vya pembe sita vyenye ngazi ndani yake, hapo ndipo inapostahili.

Kipupwe_7
Asanteni sana. Ni nyasi, Makro100. Sasa kina cha ukali (unene wa sehemu inayotoka kali): nifunge tundu hadi f/22 nimalize kwa fremu moja, au nipige fremu nyingi na kuzirundika, yaani kuziunganisha ziwe picha moja kali?

Rundo
Usiende f/22. Kwa makro na ringi, tundu halisi ni namba uliyoweka mara ukuzaji ukiongeza moja. Kwenye ukubwa halisi f/8 inafanya kazi kama f/16, na f/22 inakuwa f/44. Mwanga unapinda kwenye kingo za tundu dogo namna hiyo na sindano zote zinakuwa kama zimepakwa mafuta.

Kina chenyewe, kwa kigezo cha zamani cha ukungu usiozidi milimita 0.03 kwenye sensa: ukubwa halisi kwa f/8 ni karibu milimita 1. Mara mbili kwa f/8, 0.36. Sensa zenye pikseli nyingi zinadai nusu ya hapo. Unyoya wa sakitu wenye kina cha milimita 5 hauwezi kuingia kwenye fremu moja.

Kwa hiyo rundika: f/5.6, hatua ya milimita 0.2, fremu 25 za kufunika milimita 5, na tano za akiba mbele na nyuma. Tumia shata ya kielektroniki ili kamera isitikisike. Kasi ndiyo siri. Fremu 30 kwa 10 kila sekunde ni sekunde 3. Ukizipiga kwa kuzungusha skrubu ya reli (kibao cha kusogeza kamera kidogo kidogo) kwa mkono ni dakika kadhaa, na jua likishagusa jani, ncha ya fremu ya kwanza haipo tena kwenye fremu ya mwisho. Programu ya kurundika itakuletea vivuli viwili viwili, nawe utadhani kosa ni la programu.

Makro100
Rundo yuko sawa kukiwa shwari. Upepo mwepesi tu ukivuma, acha kurundika. Badala yake zungusha kamera hadi sensa iwe sambamba na uso wa jani, ili manyoya mengi yaangukie kwenye bapa moja, kisha f/11 na flashi yenye karatasi ya kulainisha mwanga. Flashi iliyopunguzwa nguvu hadi 1/32 huwaka kwa muda mfupi sana, jani linatulia lenyewe. Iweke nyuma kidogo ya jani na pembeni, kamwe si mbele. Mwanga wa mbele unafanya sakitu ionekane kama chumvi iliyomwagwa. Wa nyuma unapita ndani ya sindano na kila mgongo wake unang'aa.

BaridiKavu
Niongeze ya nje ya lenzi, kwa sababu ndiyo yanayoharibu asubuhi nzima.

Sakitu ya manyoya huota usiku wa anga safi na hewa tulivu, mvuke ukigeuka barafu moja kwa moja bila kupitia maji. Majani hupoteza joto kuelekea angani, kwa hiyo kipimajoto cha mita 2 juu kinaweza kusoma nyuzi 2 au 3 huku nyasi ziko chini ya sifuri. Tafuta mabonde na sehemu zilizo wazi. Chini ya miti huambulii kitu, matawi yanazuia joto lisipotee. Ukikuta barafu imeota upande mmoja tu, ule unaoelekea upepo, hiyo imetokana na ukungu ulioganda. Ina chembechembe nzito, haina sindano safi.

Toa kamera nje nusu saa kabla ya kupiga. Lenzi yenye joto la chumbani, sentimita 15 kutoka kwenye jani, inatosha kulegeza ncha. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Funga skafu puani na mdomoni, pumua kwa upande, na usikaribie kutoka upande upepo unakotoka. Ukirudi ndani, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, na usiufungue hadi ilingane na joto la chumba. Unyevu utatua juu ya plastiki badala ya kwenye sensa.

Kipupwe_7
Na kipimo cha mwanga? Wengi husema ongeza stopu moja (mwanga mara mbili) au zaidi kwa kitu cheupe.

Akromati
Ni kweli pale nyeupe inapojaza fremu: ongeza 1 hadi 1⅔. Kwa picha zako ni kinyume. Jani moja lenye sakitu mbele ya kivuli cheusi, kamera inaona weusi mwingi, inaongeza mwanga, na sindano zinaungua kuwa doa jeupe lisilo na kitu ndani. Punguza stopu 1, kagua histogramu (grafu ya mwanga) upande wa kulia, piga RAW (faili ghafi). Sakitu ya kivulini itatoka na buluu kwa sababu inaakisi anga. Panga joto la rangi kwenye kelvini 7000 hivi, ukiacha buluu kidogo ibaki kwenye mabonde ya fuwele.