Naomba ushauri: mwanangu anadai sehemu ya pili ya filamu ya mwisho wa dunia

Baba_wa_Shela: Assalaam aleikum. Nipo Malindi, na nina mwana wa miaka 10. Tulitazama pamoja filamu ya ile familia inayokimbia vipande vya nyotamkia hadi mahandakini kule Greenland, na tangu siku hiyo mtoto halali vizuri. Sasa imetoka sehemu ya pili, ambamo wanatoka handakini na kuvuka Ulaya iliyoganda wakitafuta makao mapya. Je, nimtazamishe aone kuwa walinusurika, au nimnyime?

Mvuvi_Mstaafu: Tarehe 26 Desemba 2004 nilikuwa ufukweni hapo hapo Malindi, bahari ilipojaa na kupwa kinyume na majira yake. Mpaka leo nikiona maji yanakupwa upesi, miguu hunitangulia nyumbani.

MamaTatu: Sisi tulitishwa kwa majini na tukalala fofofo. Anaogopa nini hasa, nyotamkia au giza?

Baba_wa_Shela: Anaogopa uwanja wa ndege. Mtoto wa familia ile anakataliwa kupanda ndege ya wokovu kwa sababu ana kisukari, na mwanangu, jambo ambalo sikulisema mwanzo, naye huchomwa insulini kila siku. Lakini sikujua kama filamu ina hayo, na Jumamosi nimekwisha kumwahidi. Hata binamu zake wamealikwa.

MamaTatu: Ndilo ulilokuwa ukilificha, baba?

Mtazama_Nyota: Mweleze kuwa mwaka 1994 nyotamkia Shoemaker-Levy 9 iliipiga sayari ya Mshtarii, na wanafalaki walilijua hilo zaidi ya mwaka mmoja kabla.

Msomaji_Mkali: Mtoto wa filamu ana kisukari, wako naye ana kisukari, na hukulitaja mpaka ulipobanwa. Kisa hiki umekinakili, ndugu yangu.

Baba_wa_Shela: Jana mama yake alikuta kichupa kimoja cha dawa kimetolewa kwenye friji, kimeviringishwa kitambaa kibichi na kutumbukizwa ndani ya mtungi wa bibi yake. Tulipomwuliza alijibu kuwa siku hiyo umeme utakatika, na mtungi hauhitaji umeme. Filamuni hamna mtungi.

Msomaji_Mkali: Basi kijana ana akili kuliko babake.

MamaTatu: Jumamosi wapikie hao binamu biriani, na mtoto umpeleke kwa daktari wake, amsikie yeye mwenyewe.

Baba_wa_Shela: Nawashukuru nyote. Kwa daktari tutakwenda Jumatatu. Jumamosi binamu wanakuja, na televisheni kubwa nimekwisha kuiazima.