Watu wa brekdauni, mnaua gia boksi za watu: mnauliza gari lipo wapi, hamuulizi linasukumwa na tairi zipi

Wakuu, nafungua uzi huu kwa hasira. Huduma ya kuvuta magari hapa Dar, na barabara yote ya Morogoro kuanzia Mbezi, Kibaha, Mlandizi mpaka Chalinze na kuendelea, imegeuka njia ya kumlipisha mtu mara mbili. Unalipia kuvutwa, halafu baada ya wiki unalipia gia boksi. Gari limezima kwa sababu ya pampu ya mafuta au koili, kazi ya fundi ya nusu siku, linafika gereji na ugonjwa mkubwa kuliko ule wa kwanza. Aliyelivuta keshachukua chake na simu hapokei.

Piga namba yoyote iliyochorwa ubavuni mwa gari la winchi. Utaulizwa upo wapi, unapeleka wapi, una shilingi ngapi. Swali lililotakiwa kutangulia hayo yote huulizwi: gari gani, otomatiki au manyuali, linasukumwa na tairi za mbele, za nyuma au zote nne? Asiyejua hilo hawezi kujua alete chombo gani. Kuna brekdauni ya kunyanyua upande mmoja na kuburuza mwingine, na kuna ile ya bodi bapa inayoteremka, gari likapandishwa zima zima. Wanachofanya wengi ni kuleta iliyopo karibu, basi.

Nieleze kinachoharibika, maana kuna madereva wa brekdauni wa miaka mingi wanaobisha hadi leo. Ndani ya gia boksi ya otomatiki kuna pampu inayosukuma mafuta ya haidroliki kwenye klachi, bushi na gia zote. Pampu ile inazungushwa na injini, haizungushwi na tairi. Injini ikizimwa, pampu imesimama. Sasa ukiburuza gari huku tairi zinazosukuma zipo chini, tairi zinazungusha vyuma vya ndani ya gia boksi bila mafuta kufika panapotakiwa. Vinasagana vikavu, vinapata moto, bushi zinakwanguka, klachi zinaungua. Kauli ya "weka neutro tu bosi, haina shida" ndiyo iliyoharibu magari mengi. Neutro inaachia klachi, lakini shafti inayokwenda kwenye tairi bado inazunguka na bado haina mafuta. CVT, otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia, nayo ni hivyohivyo, na yenyewe ukiiharibu fundi wengi watakwambia tafuta nyingine.

Vitabu vya Toyota nyingi, kwa dharura, vinaweka mpaka wa kilomita 30 kwa saa na umbali wa kilomita 80 kwa gari la otomatiki linalovutwa tairi zote zikiwa chini. Vingine ni vikali zaidi ya hapo. Nani kati yenu amewahi kuvuta gari kwa 30 kwa saa kutoka Mlandizi? Na Chalinze hadi katikati ya Dar ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo mpaka umeshavukwa hata ukienda kwa mwendo wa kutembea.

Haya, magari yenyewe. Vitz, IST, Raum, Premio za kawaida zinasukumwa na tairi za mbele. Hizo zinyanyuliwe mbele, za nyuma ziburuzike, handibreki ikiwa imeachiwa. Kuzinyanyua nyuma kwa sababu "mbele pamebana" ni kuiua gia boksi mchana kweupe. Kama hakuna namna, tairi za mbele ziwekewe vitoroli. Crown na Mark X nyingi zinasukuma nyuma, kwa hiyo ni bodi bapa, au zinyanyuliwe nyuma na stelingi ifungwe imara ikiwa imenyooka. Wengine hufungua propela (shafti ndefu ya chini) upande wa difu, lile bonge la gia katikati ya tairi za nyuma, na kuining'iniza kwa waya, inakubalika kama anayefanya anaweka alama ya rangi kabla ya kufungua ili irudi palepale ilipokuwa. Asipoweka alama, jiandae kwa mtetemo ukifika 80.

Kwenye 4WD, yaani gari linalosukumwa na tairi zote nne, ndipo penye maafa. IST mbili zinafanana kwa nje kama mapacha, moja ni NCP61 ya tairi mbili, nyingine NCP65 ya tairi nne. Harrier ACU30 ni ya mbele, ACU35 ni ya nne. Mark X GRX120 ni ya nyuma, GRX125 ni ya nne. Namba hizo zipo kwenye kibati cha chini ya boneti, kusoma ni sekunde tano. Asiyejua kusoma kibati achungulie nyuma chini ya gari: kama ni gari la kusukuma mbele na bado lina difu nyuma, basi ni la tairi nne. Hili ukilinyanyua mbele na kuacha za nyuma zizunguke kwenye lami, kapulingi inayounganisha mbele na nyuma inapata moto. Kwenye IST kapulingi hiyo ina mafuta ya silikoni. Yakichemka yanakamata sahani, nguvu inahamia kwenye tairi zilizonyanyuliwa, na gari linaweza kujirusha kutoka kwenye mikono ya brekdauni katikati ya barabara. Hapo tumeshatoka kwenye suala la gia boksi, ni suala la roho za watu. Subaru Forester na Impreza za otomatiki za tairi nne zipandishwe bodi bapa, hakuna mjadala. Prius pia tairi za mbele zisizunguke kabisa, kwa sababu mota ya ndani inazalisha umeme zikizunguka hata kama gari limezimwa.

Kuna jambo la P. Betri imekufa, gia haitoki P, kijana anafunga kamba na kuvuta hivyohivyo huku tairi zimekwama na zinalia kwenye lami. Kijino kinachofunga gia boksi kwenye P ni kipande kidogo cha chuma, kinavunjika. Na dawa yake ipo palepale: pembeni ya gia kuna kifuniko kidogo, mara nyingi kimeandikwa SHIFT LOCK. Kibandue kwa bisibisi, ingiza ncha ya bisibisi au ufunguo kwenye kitundu, bonyeza huku umekanyaga breki, gia inatoka P inakuja N. Kama ni la ufunguo, liweke kwenye ACC ili stelingi isijifunge. Kama ni la kubonyeza na betri imekufa, lishtueni kwanza kwa waya za kubusti, la sivyo stelingi haifunguki. Brekdauni isiyotembea na waya za kubusti wala bisibisi ina kazi gani barabarani?

Sehemu ya kufunga ndoano nayo. Magari haya ya Japani yana pete ya kuvutia, ya kuzungusha, inakaa kwenye buti pamoja na jeki na spana ya tairi. Kwenye bampa kuna kifuniko kidogo cha mraba au duara, kinabanduliwa, pete inazungushwa mpaka mwisho, inakazwa kwa kupitisha spana ya tairi katikati yake. Dakika mbili. Wao wanaingia chini na kufunga mnyororo kwenye lowa amu, tairodi au fimbo ya stebilaiza, kisha winchi inavuta kwa kukingama. Ukilichukua gari, stelingi imeenda upande, tairi inalika ndani, unaambiwa barabara mbovu. Lowa amu iliyopinda hainyooshwi kwa alaimenti. Ni kubadilisha.

Gari likishapanda juu, lifungwe kwa mikanda minne inayopita juu ya tairi, kila tairi na wake, na kabari. Tairi ikibanwa, bodi inabaki huru kunesa kwenye shokapu na springi. Mnyororo uliokazwa kwenye chasisi mbele peke yake unaliacha gari linarukaruka kila tuta, na kwa matuta ya barabara zetu mnajua wenyewe. Kwa gari la chini kama Crown, ziwekwe mbao kwenye mwanzo wa bodi kupunguza mwinuko, bampa lisichunwe. Hizo mbao mbili ndizo hawabebi.

Upande wa hela. Namba nyingi mtandaoni ni za madalali. Hana gari, ana simu. Anakutajia bei ya kukuvutia, anampigia mwenye brekdauni, huyo anafika na bei yake. Halafu linakuja la "winchi ni bei nyingine", "kusubiri foleni ni bei nyingine", "kushusha gereji ni bei nyingine". Na gari lako likiwa limeshapanda juu huna cha kubishia, linageuka rehani. Dawa ni ujumbe wa maandishi kabla hajawasha injini: kutoka wapi mpaka wapi, bei yote ikiwa na winchi, kupandisha, kushusha na kusubiri, aina ya brekdauni, namba yake ya usajili, na kwamba atatoa risiti ya EFD. Anayekataa kuandika, achana naye hata kama yupo mtaa wa pili.

Ajali ndiyo soko lao kubwa. Anafika hujamwita, anafunga ndoano huku bado unatafuta simu yako, na kesho unadaiwa kuvutwa na kulala yadi kwa kila siku. Gari likipelekwa yadi au kituoni, piga picha kabla halijaondoka: pembe nne, dashibodi yenye kilomita na geji ya mafuta, chini ya boneti betri ionekane, buti pamoja na tairi ya akiba, redio, na chini kwenye ekzosi, maana masega (kichujio cha moshi) yanang'olewa kwa dakika chache. Andika orodha, mkabidhi dereva wa brekdauni asaini na kuweka namba yake ya leseni. Vitu vinapotea, na bila orodha kila mtu atamnyooshea mwenzake kidole.

Bima ndogo hailipii kuvutwa kwa gari lako, msidanganywe na dalali. Bima kubwa nyingi zinalipia baada ya ajali, lakini kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, na nyingi zinataka uwape taarifa kabla gari halijahamishwa. Someni kipengele cha gharama za kuvuta leo, msisubiri mpaka mkwame Mikumi saa mbili usiku. Kampuni ikikuzungusha, TIRA, mamlaka inayosimamia bima, wapo, na yupo msuluhishi wa migogoro ya bima, TIO, anayepokea malalamiko baada ya kampuni kukujibu vibaya au kukaa kimya.

La mwisho ni usalama, na hapa madereva wa malori wa Kitonga, Sekenke na Iwambi watanielewa. Brekdauni inafika mlimani, inakinga barabara, haina pembetatu ya kuakisi hata moja nyuma yake, inategemea matawi ya miti. Kazi ikiisha wanaondoka, na matawi na mawe ya kuzuia tairi yanabaki kwenye lami. Mwenye bodaboda anayekuja gizani anayakuta. Kamba ya chuma ya winchi ikivuta lori, watu wanasimama hatua mbili pembeni kuangalia. Ile ikikatika inarudi kama fimbo na inakata mguu. Watu wakae mbali kuzidi urefu wa kamba iliyotoka, na katikati ya kamba litupiwe gunia zito au koti ili ikikatika ianguke chini.

Kwa ambao gari limeshavutwa vibaya na bado mnaliendesha: kama lina kijiti cha kupimia haidroliki, kivute, futa kwa kitambaa cheupe. Rangi ya kahawia nyeusi yenye harufu ya kuungua, au vumbi linalometameta, msiendelee kuendesha. Ukiweka D likachelewa kushika au injini ikapanda mlio bila gari kuvuta, pelekeni sampo ifunguliwe na piga picha sumaku zilizo ndani yake kabla fundi hajazifuta. Picha hizo, ujumbe wa makubaliano na risiti ndivyo vitakavyomfanya mwenye brekdauni akujibu. Wekeni hapa chini aina ya gari, lilinyanyuliwa upande gani, umbali, na kilichoharibika. Majina ya watu na namba za simu msiweke, mods watafuta uzi.