Bwawa la udongo huku Kisauni: likaushwe au litengenezwe?

Mkulima wa Mwakirunge: Jamani, mkutano wa Jumamosi uliisha kwa kelele tu. Hawa wataka bwawa litobolewe kabla ya masika, wale wasema lisiguswe. Sifichi, mchicha na bamia ninazopeleka Kongowea zanyweshwa na maji hayo. Lakini tuta limezeeka, miarobaini imelimea, na mkondo wa kutolea maji ya ziada hauonekani kwa magugu. Mimi nasema maji yapunguzwe sasa, kugombana baadaye. Mwasemaje?

Muuza viazi karai: Yakipunguzwa yabaki matope, shekhe, nani atakuja kupanda boti? Sisi twategemea Jumapili na Idi. Bwawa hilo lilistahimili El Nino ya 1997, na mvua za Novemba 2023 pia. Leo ndio mwaogopa?

Fundi wa Changamwe: Ndugu yangu, 1997 mkondo ule ulikuwa wazi, maji yalikuwa na pa kutokea. Tuta la udongo likipitiwa na maji juu huchimbika upande wa nyuma mpaka likatike. Na starehe imewahi kuua. Bwawa la udongo la South Fork, kule Pennsylvania, Marekani, lilikuwa la klabu ya matajiri wapenda kuvua. Waliweka vyuma kwenye njia ya maji ya ziada ili samaki wasitoroke, takataka zikanasa hapo. Mabomba ya chini yalikuwa yameng'olewa zamani, hayakurudishwa, kwa hivyo hapakuwa na namna ya kupunguza maji. Mei 31, 1889 likapasuka. Zaidi ya watu 2,200 walikufa. Hapa kwetu Solai, Nakuru, Mei 9, 2018, lilipasuka bwawa la shamba, na usiku. Walikufa zaidi ya 40.

Mama wa bondeni: Nyinyi mwazungumza boti na bamia, mimi nalala chini ya tuta. Nyuma, karibu na mwarobaini mkubwa, pana mahali hutoka maji hata kiangazi. Watoto huchota pale. Juzi yalikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Fundi wa Changamwe: Mama, hilo lingesemwa mwanzo! Yakivuja safi, twayaangalia. Yakitoka na udongo, tuta laliwa kwa ndani. Hilo si la kungoja mkutano, Mamlaka ya Rasilimali za Maji waambiwe leo. Na mvua ikinyesha usiku, tafadhali msilale hapo.

Muuza viazi karai: Basi twendeni tukaikate hiyo miti.

Fundi wa Changamwe: Usiguse! Ukikata ukaacha kisiki, mizizi itaoza na kuacha matundu ndani ya tuta. Maji yashuke kwanza, visiki ving'olewe, mashimo yajazwe udongo na kushindiliwa.

Muuza viazi karai: Sawa, nimekubali yashuke. Na sisi wa boti na viazi, miezi hiyo twala nini? Mbona hilo hakuna anayelijibu?

Mkulima wa Mwakirunge: Hilo ni haki yako, liandikwe kwenye barua ya kuwaambia Mamlaka. Mimi msimu huu bamia basi, napanda mihogo. Mama, kesho baada ya alfajiri nakuja na fundi, utuonyeshe hapo panapotoka.