Kamati ya kongamano la mashabiki wa Queen Malindi: tunataka mahesabu na pesa zetu

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha. Tangu wikendi ile tunapigwa danadana kwenye kundi la WhatsApp. Ukiuliza habari za pesa unaambiwa subiri kamati ikae. Ukiuliza mara ya pili unatolewa kundini. Wenzetu kadhaa wametolewa hivyo, tena wengine ni watu wazima waliouliza kwa adabu. Basi tuzungumzie hapa.

Kwa asiyejua kisa: mwezi wa Septemba, wikendi iliyo karibu na tarehe 5, siku aliyozaliwa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen, tuliahidiwa kongamano la siku mbili hapa Malindi. Tangazo lilitaja meza za kuuza na kubadilishana santuri, mazungumzo juu ya utoto wa Freddie Unguja, tamasha la hisani la Live Aid la 1985 kuonyeshwa kwenye skrini kubwa, bendi kutoka Nairobi kupiga nyimbo zao jukwaani, na Jumapili asubuhi shindano la maswali kwa vijana. Tiketi 2,500, ya VIP 6,000. Pesa zikaingia kwenye till, yaani namba ya kupokelea malipo ya M-Pesa, ya mtu mmoja wa kamati. Watu walihoji jambo hilo mapema wakajibiwa kwa ukali kwamba kama humwamini mwenzako usije.

Watu wakaja, na walitoka mbali. Kuna waliopanda treni Nairobi mpaka Mombasa, wakaunganisha matatu mpaka huku. Kuna mama mmoja wa makamo aliyetoka Unguja, akavuka mpaka Lunga Lunga na santuri zake kapakata mapajani. Nitarudi kwake.

Sasa jukwaa. Walilijenga kwenye mchanga mbele ya hoteli, chini ya ule mstari wa mwani mkavu. Yeyote aliyekulia Shela au Mayungu akiuona mwani ule anajua maji hufika pale. Na ile Jumamosi ilikuwa ya bamvua, siku za maji makuu. Pwani yetu bamvua lina saa zake: maji hujaa mwendo wa saa kumi alasiri, na baina ya kujaa na kupwa tofauti hupita mita tatu. Majedwali ya maji huchapishwa kabla mwaka haujaanza, na asiyejua kuyasoma angeshuka pale kwa wavuvi akamuuliza nahodha yeyote. Muuza madafu mmoja, mzee wa watu, aliwaambia tangu asubuhi, nami nilikuwa karibu nikasikia: "Wanangu, hapa maji yataingia." Kijana wa kamati akamjibu kwamba wana fundi wao.

Saa tisa na nusu wimbi la kwanza likapita chini ya mbao. Muda si muda nyaya zinaelea, fundi kakunja suruali anabeba spika moja moja, na zile ndogo za mbele, za wanamuziki kujisikia wenyewe, zimeshalowa. Jenereta ikazimwa watu wasije wakapigwa shoti, na aliyeizima alifanya vyema. Lakini ratiba yote ya jioni ikafia pale pale, kwa sababu hakukuwa na mpango wa pili. Bendi ilikuja, na haina kosa hata kidogo. Vijana walikaa juu ya masanduku ya magitaa yao mpaka magharibi wakingoja kuambiwa wapige wapi. Nasikia hata wao hawajamaliziwa malipo yao; kama wako humu waseme wenyewe.

Kilichoniuma zaidi ni meza za santuri. Tangazo lilisema ukumbi wa ndani wenye feni. Tulipofika tukakuta ukumbi umetengwa kwa chakula cha mchana cha VIP, na meza zetu zimetolewa uani, jua la utosi. Mtu anayezijua santuri hawezi kufanya hivyo. Ile ni plastiki, na ikikaa kwenye jua ndani ya jalada lake haichukui muda kuharibika. Yule mama wa Unguja alikuwa na santuri ya Queen ya miaka ya sabini, aliyoachiwa na marehemu kaka yake. Jalada limegundishwa ubavuni, na nyuma kuna jina la kaka kwa wino wa buluu, mwandiko wa shule. Alikwenda kuswali adhuhuri, na aliporudi ukingo ulikuwa umejikunja kama chapati iliyoachwa kwenye kikaango. Akaishika kwa viganja viwili, akaizungusha usawa wa macho, ukawa unaona inapanda na kushuka. Alipotaka kuonana na mkubwa wa kamati akajibiwa kwamba mali ya mtu ni jukumu la mwenyewe. Mgeni, mtu mzima, amelipa tiketi na amelipa na meza, ndiyo majibu aliyopewa.

Usiku ile skrini kubwa ikawa shuka. Pale Wembley kwenye Live Aid, tarehe 13 Julai 1985, Queen walikuwa na dakika zipatazo 20 tu na waliuteka uwanja mzima. Sisi hata dakika hizo hatukuziona mpaka mwisho, kwa kuwa video ilikuwa inavutwa kwenye intaneti kwa bando la simu ya mtu, ikikwama kila mara. Hawakuona haja ya kuipakua kabla. Saa tatu akapanda DJ kuwachezesha wageni wa hoteli, na sisi wa tiketi za kawaida tukaambiwa tusogee upande wa maegesho. Jumapili ukumbi umefungwa, simu za kamati zimezimwa. Vijana waliokuja kwa ajili ya maswali wakarudi makwao.

Najua atatokea wa kusema Malindi na roki wapi na wapi, mlitegemea nini. Ndugu yangu, Freddie kazaliwa Unguja mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, baba yake akifanya kazi mahakamani. Alipelekwa shule India, akarudi, na familia ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Huyu ametokea bahari hii hii. Kama kuna watu wenye haki ya kukusanyika kumkumbuka ni sisi wa mwambao, na ndiyo maana jambo hili limenikaa rohoni.

Na kukusanya mashabiki kuna desturi zake, hakukuanza leo. Klabu ya mashabiki wa Queen Uingereza imekuwa ikifanya makongamano tangu 1986, kwenye kambi za mapumziko ambako watu hulala hapo hapo, wikendi nzima wako pamoja, anayetaka kuuza anauza, anayetaka kuimba anaimba. Hata kabla ya hapo, Oktoba 1977, bendi ilipotaka kupiga picha za video ya wimbo wao wa ushindi, ule unaoimbwa mpaka leo viwanjani, waliwaita wanachama wa klabu ukumbini London wawe ndio umati. Kazi ilipokwisha, wakawapigia onyesho la bure kuwashukuru. Shabiki alihesabiwa kuwa mwenye shughuli. Hapa kwetu mwenye shughuli alikuwa mlaji wa VIP ambaye, kwa niliyoyasikia mezani, wimbo wa tatu wa Queen haujui.

Wala sibishani na bei. Mwaka 1995 bendi ya roki ya Kiss waliandaa makongamano yao wenyewe huko Marekani, tiketi dola 100, na kwa wakati ule hizo zilikuwa pesa nyingi. Lakini aliyelipa aliyaona mavazi yao ya jukwaani kwa macho yake, akauliza maswali wakamjibu wao wenyewe, kisha wakapiga nyimbo kwa magitaa makavu, yale yasiyotumia umeme, wakifuata maombi ya waliokuwepo. Magitaa makavu, wakuu. Vijana wa Nairobi walikuwa nayo mawili siku ile. Jenereta ilipozimwa waliomba waruhusiwe kupiga barazani, bila spika, watu wakae chini waimbe nao. Sisi sote tulikuwa tayari. Ingekuwa imeokoa kongamano zima, na wala isingegharimu hata shilingi. Kamati ikakataa, ati baraza ni la VIP. Hapo ndipo nilipokata tamaa na watu hawa. Maji ya bahari mtu anaweza kusema hakuyajua, lakini hili walilikataa kwa makusudi.

Tunachotaka kinaeleweka. Taarifa ya ile till iwekwe wazi, kila shilingi iliyoingia na ilikokwenda. Haihitaji kikao cha kamati, mwenye till anaipata kwenye simu yake. Waliolipa warudishiwe. Bendi imaliziwe. Na yule mama alipwe santuri yake na nauli yake, na aombwe radhi kwa jina, mbele ya watu wale wale walioona akijibiwa vile.

Tunawapa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo tunakwenda Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ya 2016 inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na haimlazimu mtu kuwa na wakili, kwa hiyo asitutishe mtu na gharama za kesi. Tayari tuko kadhaa tuliokubaliana.

Wenye ujumbe wa M-Pesa wa malipo yao waupige picha, wafute namba ya simu, wauweke hapa chini pamoja na aina ya tiketi. Na mwenye picha ya zile meza za uani mchana wa Jumamosi naomba sana anitumie, maana kamati imeanza kudai zilikuwa kivulini.