Ushauri: Nibaki na Nikon D7200 yangu au nihamie kamera mpya kwa picha za wanyama?

Dereva wa Kaskazini

Habari zenu wakuu. Mimi ni muongoza watalii, makazi Arusha, mizunguko yangu ni Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Picha za wanyama nilianza kwa kupenda tu, sasa hivi kuna wageni wananunua, na kuna lodge moja imeniomba picha kubwa za kutundika ukutani. Natumia Nikon D7200 ya mtumba na lenzi ya AF-S 55-300 (milimita).

Kilichonileta hapa ni duma wa Ndutu. Mwezi wa pili, nyumbu wanazaa, saa moja kasoro asubuhi mwanga bado mchanga, jike akamtoa mbio swala tomi. Nikabonyeza. Mwanzo kamera ilienda vizuri, baada ya kama sekunde tatu ikaanza kudodora, inapiga moja, inasubiri, inapiga nyingine. Pale swala alipokata kona ndipo ilipokuwa imezubaa. Hizo nilizopata nikizikuza ni chenga tupu (vidoa vidoa vya mwanga hafifu), manyoya yote yamekuwa uji. Mgeni niliyekuwa naye alikuwa na kamera isiyo na kioo cha ndani (mirrorless), kile kijisanduku cha fokasi kimeganda kwenye jicho la duma mwanzo mpaka mwisho.

Nimeweka akiba milioni mbili na nusu. Nikipiga hesabu inatosha kitu kimoja kati ya hivi: D500 ya mtumba, au Z50II isiyo na kioo na adapta ya FTZ ya kufungia lenzi zangu za zamani, au nibaki na bodi yangu (kamera yenyewe bila lenzi) ninunue lenzi ya 200-500 f/5.6 ya mtumba. Naombeni ushauri wa kweli, hii hela sitaipata tena mwaka huu.

Chui wa Seronera

D500, mkuu. Yako inapiga picha 6 kwa sekunde, D500 inapiga 10, na ukiweka kadi ya kumbukumbu ya XQD inameza RAW (picha ghafi) mpaka 200 mfululizo. Pointi za fokasi 153 zimetapakaa karibu fremu nzima, yako zipo 51. Hiyo kudodora utaisahau. Nikon wameshaacha kuitengeneza, lakini kwa mnyama anayekimbia bado ni chuma.

Mama Picha

Mleta uzi, kabla hujatoa hata shilingi, nijibu mambo mawili. Duma alijaza fremu kiasi gani? Na ulipiga kwa mipangilio gani?

Dereva wa Kaskazini

Dada, kwa urefu wake alichukua kama sehemu moja ya sita ya upana wa picha, nikawa namkata ili aonekane. Nilikuwa mwisho wa lenzi, 300, tundu la lenzi f/5.6, shata 1/1250 ya sekunde, ISO (wepesi wa kunasa mwanga) 6400.

Mama Picha

Basi tatizo lako liko mbele ya kamera. Nisikilize taratibu.

Ukikata picha ya 300 mpaka ionekane kama imepigwa kwa 500, zile pikseli milioni 24 zinabaki kama milioni nane na nusu. Umetupa karibu theluthi mbili ya picha, na chenga zilizobaki umezikuza pamoja na duma. Ungekuwa na 500 pale pale ulipokuwa umeegesha, duma angechukua zaidi ya robo ya upana wa fremu, na ISO 6400 ile ile isingekutisha hivyo.

Sasa angalia hizo bodi mbili unazozitamani. D500 na Z50II zote ni DX (kihisi kidogo) kama yako, zote pikseli milioni 20.9. Kwenye chenga utapata nafuu ndogo sana, na ukikata zinakubakizia pikseli chache kuliko hizo ulizonazo. Utakuwa umelipa milioni mbili kumpata duma mdogo vilevile, ila picha zake nyingi zaidi.

Na wewe ni dereva, unajua kuliko sisi kwamba Serengeti hutoki barabarani kumfuata mnyama. Umbali umeshapangiwa. Kinachoweza kuusogeza ni lenzi peke yake. Tena hiyo 55-300 mota yake ni nzito, inatafuta fokasi kwa kuhangaika. Sehemu ya lawama unayoitupia D7200 ni ya lenzi.

Kwazi Naivasha

Mimi niko upande wa Kenya, napiga ndege ziwani. Namheshimu Mama Picha lakini lazima niseme neno kwa ajili ya kamera zisizo na kioo. Kwazi akishuka kuchukua samaki, mashine yenyewe inatambua ndege na kushika jicho, mimi nashughulika na kumweka ndani ya fremu tu. Picha nilizokuwa nazikosa kila wiki sasa nazipata. Hilo jambo ni kubwa na mtu asikudanganye kuwa ni mapambo.

Gharama zake uzijue pia. Z50II betri moja imepimwa picha mia mbili hamsini hivi, D7200 yako inazidi elfu moja, kwa hiyo ongeza bei ya betri tatu au nne na chaja ya gari. Ukitumia shata ya kimya (ya kielektroniki) kwa ndege anayepiga mabawa, mabawa yanapinda, rudi kwenye shata ya kawaida. Na 55-300 ukiifunga kwa FTZ itabaki ile ile ya kuhangaika. Kwa hela uliyonayo, bodi mpya na lenzi hiyo, sikushauri.

Fundi wa Sinza

Nakubaliana na lenzi kwanza. Hiyo 200-500 ukija kuhamia kamera za Z (za Nikon zisizo na kioo) siku za mbele inafanya kazi kwa FTZ na fokasi yake yote, hela haipotei.

Kudodora unaweza kukupunguza leo bila kununua kitu. RAW ya biti 14 kwenye D7200 inakupa picha 18 tu, ndizo hizo sekunde tatu zako. Weka biti 12, zinafika 27. Halafu acha kushikilia kidole kama bomba lililofunguliwa. Piga vipande vifupi, pumzisha, ukisubiri ile kona. Kitufe cha AE-L/AF-L, kile cha nyuma, kipangie kazi ya AF-ON (kuwasha fokasi), fokasi iwe AF-C (ya kumfuata anayekimbia) na pointi 9. Chenga zinazobaki, programu ya Lightroom tangu 2023 ina kisafishio cha RAW kinachofanya kazi nzuri mno, ila kinataka kompyuta yenye nguvu.

Ukienda kuitazama lenzi, nenda na tochi. Mulika upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui pembezoni mwa vioo, hiyo ni fangasi, ondoka. Lenzi zilizokaa pwani kwenye kabati bila hewa ndizo huwa hivyo. Iwashe VR (kizuia mtetemo) usikilize, mkoromo mdogo ni kawaida, mgongano siyo. Piga ukutani kwenye gazeti, ukiwa 500, pembe zote nne.

Dereva wa Kaskazini

Nimewaelewa wote. Jana nimebadilisha hiyo mipangilio, nikatoka kuwajaribu mwewe wanaozunguka sokoni. Kudodora kumepungua kweli, na kitufe cha nyuma kidole kinaanza kukizoea. Naenda na 200-500. Ipo moja Moshi, Jumamosi naenda na tochi.

Swali la mwisho: ni kilo mbili na ushee, nitaishikaje juu ya paa siku nzima?

Mama Picha

Usiishike. Shona mfuko wa turubai, ujaze mchele kilo tatu, uweke kwenye ukingo wa paa, lenzi ilale juu yake. Zima injini kila unaposimama, mtetemo wa Landikruza kwenye 500 unaonekana waziwazi. Na ikifika saa tano, joto likianza kucheza juu ya nyasi, mnyama wa mbali mwache. Hakuna lenzi inayopenya hayo mawimbi.