Rutheni yangu inawaka kwenye kiini au macho yananidanganya?

BintiUjiji:
Wakuu, habari za kazi. Niko mwaka wa pili wa uzamivu, kemia, huku Uingereza. Nimetengeneza changamano la rutheni, yaani metali hiyo ikiwa imeshikwa na molekuli bapa: fenanthrolini mbili na dppz moja. Wiki iliyopita niliweka mikromola 50 kwenye seli za HeLa (seli za saratani ya shingo ya kizazi zinazokuzwa maabara), nikaziacha saa 24, nikazikausha kwa methanoli, nikaziweka chini ya hadubini. Viini viliwaka vyekundu kama makaa yaliyopepewa. Nilishika mdomo! Msimamizi wangu anataka tuanze kuandika.

Jana usiku nikarudia bila methanoli, seli zikiwa hai. Viini vyeusi tii. Vidoa vidogo vyekundu tu, vimezagaa pembeni. Nikaendelea kutazama palepale kwa leza ya nanomita 488, dakika kama tano hivi. Seli moja ikavimba, ikatoa malengelenge, na wekundu ukaingia kwenye kiini nikiona.

Sasa niamini picha ipi? Nauliza kwa uchungu kidogo. Mama yangu mdogo alitibiwa saratani ya shingo ya kizazi Dar es Salaam kwa sisplatini, dawa ya platini, pamoja na mionzi. Nilikuwa namshikia beseni. Sitaki kuandika uongo kwenye jambo hili.

MzeeWaSpektra:
Binti, umefanya vema kurudia. Amini seli hai.

Methanoli inatoboa utando wa seli. Changamano lako lina chaji chanya mbili, na DNA ni hasi, kwa hiyo ukishafungua mlango linakimbilia huko lenyewe. Ulichopiga picha ni safari iliyofanyika baada ya seli kufa. Leza nayo ilifanya kazi hiyohiyo, ila polepole: rutheni ikipigwa mwanga inaipa oksijeni nishati, oksijeni inakuwa kali, inachoma utando, dawa inaingia kwenye kiini cha seli ambayo imeshaumia.

Lakini usije ukasema "kiini cheusi, basi hakuna kitu". Hapo ndipo wengi wanateleza. Kundi la wakemia akina Jacqueline Barton na Jean-Pierre Sauvage walionyesha mwaka 1990 kwamba changamano za dppz hazing'ai kwenye maji. Maji yanazishika nitrojeni za dppz na kuuzima mng'ao. Ikijipenyeza katikati ya ngazi za DNA, maji hayaifikii tena, ndipo inawaka. Kwa hiyo hadubini inakuonyesha mahali inapowaka, si mahali ilipo. Inaweza kujaa kwenye saitoplazimu, nje ya kiini, na usione chochote.

Tenganisha viini, uyeyushe kila sehemu kwa asidi ya nitriki, upime rutheni yenyewe kwa ICP-MS, mashine inayohesabu atomi za metali kwa uzito wake. Metali haijui kujificha kwenye mashine hiyo.

Kigamboni_Opt:
Naongezea upande wa vifaa. Punguza nguvu ya leza, na uweke sahani nyingine isiyoona mwanga kabisa toka mwanzo. Kama una kamera ya kupima muda wa mng'ao, itumie: mng'ao wa seli zenyewe unaisha ndani ya nanosekunde chache, wa rutheni unadumu mamia. Ukisubiri kidogo kabla ya kupokea mwanga, uchafu wote umeshazimika.

Na ukitaka iingie kweli, badilisha fenanthrolini uweke zile zenye fenili mbili. Puckett na Barton walionyesha mwaka 2007 kwamba hizo zinaingia kwenye seli vizuri zaidi.

MuuguziMama:
Samahani wataalamu, mimi niko wodi ya saratani. Sisplatini naijua kwa figo na kutapika. Hii ya kuua seli za saratani kwa mwanga itatufikia?

MzeeWaSpektra:
Dada yangu, iliyo mbele ni TLD1433, dawa ya rutheni ya kundi la mkemia Sherri McFarland. Majaribio kwa binadamu yalianza Kanada, kwa saratani ya kibofu ambayo haijaingia kwenye misuli. Dawa inawekwa kibofuni, kisha mwanga wa kijani unapitishwa kwa uzi mwembamba kwenye njia ya mkojo. Mahali pasipofika mwanga, dawa inakaa kimya, na figo zinapumzika. Ubaya ni kwamba mwanga wa bluu na kijani hauendi mbali kwenye nyama, na uvimbe mwingi una oksijeni kidogo katikati.

BintiUjiji:
Shikamoo mwalimu, asanteni wote. Nilikuwa naona kile kiini kilichowaka kwenye seli iliyovimba kama kasoro ya jaribio. Kumbe ndiyo dawa yenyewe ikifanya kazi. Na shingo ya kizazi nayo mwanga unaifikia, haihitaji kupita kwenye nyama nene.

Nimemwambia msimamizi picha za methanoli hazitaingia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ICP-MS ina nafasi lini. Ni Alhamisi. Sahani sita ziko kwenye nyuzi 37 sasa hivi, tatu nimezifunga foili.